Vitabu vya Kidijitali: Tatizo Si Muundo, ni Kufuli

Septemba 2007, jumuiya ya kimataifa ya wachapishaji na makampuni ya teknolojia, IDPF, iliidhinisha rasmi muundo wa faili za vitabu uitwao EPUB. Nia yake ilieleweka kwa urahisi: mchapishaji atengeneze faili moja tu, msomaji aifungue kwa kifaa chochote alicho nacho. Haikupita hata miezi mitatu. Novemba 19, Amazon ikaingiza sokoni Kindle, kifaa cha dola 399 kisichoweza kuisoma faili hiyo. Mzigo wa kwanza ulimalizika kwa saa tano na nusu.

Tangu hapo swali limekuwa likirudi kila baada ya miaka michache: je, soko la vitabu vya kidijitali linahitaji muundo mwingine mpya? Jibu langu ni hapana. Mipya imekuja mingi, na karibu yote imekufa.

Ule ulioishi kuliko yote ndio usio na mapambo. Julai 4, 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alichapa Azimio la Uhuru la nchi yake kwenye kompyuta kubwa ya chuo, kwa herufi kubwa tupu. Huo ukawa mwanzo wa Project Gutenberg. Hart aling'ang'ania maandishi matupu, bila rangi, bila mitindo ya herufi, kwa sababu kila mashine ingeweza kuyafungua. Zaidi ya nusu karne imepita, na maandishi ya namna hiyo yanafunguka hata kwenye simu ya bei rahisi kabisa.

Biashara yenyewe ilianza 1998, vilipotoka vifaa viwili vya kusomea, Rocket eBook na SoftBook, kila kimoja na faili zake. (Waasisi wa Rocket, Martin Eberhard na Marc Tarpenning, ndio hao hao waliokuja kuanzisha Tesla mwaka 2003, inaelekea waligundua kwamba gari huuzika vizuri kuliko kitabu.) Vurugu ilionekana mapema, na mwaka 1999 ukatolewa muundo wa pamoja ulioitwa Open eBook, uliojengwa kwa lugha ile ile inayotumika kuandikia kurasa za intaneti. Makampuni yaliupokea, kisha kila moja likaufungasha upya kwa namna yake. Mwaka 2000 Microsoft ilikuja na faili za .lit. Mobipocket ya Ufaransa ilikuwa na zake, Palm nayo zake. Ukizipasua nyingi kati ya faili hizo ungekuta ndani maandishi yaliyopangwa kwa namna inayokaribiana sana. Zilichotofautiana hasa ni maganda na makufuli.

Kufuli ninalolisema ni programu inayoifunga faili ili ifunguke kwenye akaunti au kifaa cha mnunuzi peke yake. Machi 2000 hadithi ya Stephen King, "Riding the Bullet", ilitolewa kwa njia ya kidijitali tu, na nakala kama 400,000 zikachukuliwa katika saa 24 za kwanza. Ilikuwa imefungwa. Siku chache baadaye kufuli lilikuwa limevunjwa na nakala huru zinazunguka. Wachapishaji wangeweza kujifunza hapo kwamba kufuli humsumbua mnunuzi halali zaidi ya mwizi. Wao wakaagiza makufuli makubwa zaidi.

Gemstar, iliyonunua Rocket na SoftBook mwaka huo huo wa 2000, ilijitoa katika biashara ya vitabu 2003. Microsoft Reader, programu ya kusomea faili za .lit, ilizimwa 2012. Mobipocket ilinunuliwa na Amazon mwaka 2005, na faili zake ndizo zilizogeuka kuwa faili za Kindle, zikiwa na kufuli jipya.

Sasa tuifungue EPUB yenyewe, maana wengi huiogopa bure. Ni furushi la zip. Badilisha mwisho wa jina la faili isiyofungwa uwe .zip, uifungue, utakuta kurasa za HTML kama za tovuti yoyote, faili ya mitindo, picha, na orodha ya yaliyomo. Maandishi hayajabanwa kwenye ukubwa wa karatasi. Hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Hapo ndipo inapoachana na PDF, ambayo Adobe iliitoa 1993 ili ukurasa ubaki vile vile popote uchapwapo. PDF ni mtumishi mwaminifu wa mashine ya kuchapia. Kwenye simu, ukurasa wa A4 hukulazimisha kukuza na kusukuma kila mstari kushoto na kulia. Hata hivyo kwetu Afrika Mashariki ndiyo inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu inafunguka kila mahali na haidai akaunti. Mwandishi haambulii kitu.

Yapo malalamiko ya haki dhidi ya EPUB. Chukua shairi la mizani kumi na sita: ukwapi nane, utao nane. Kwenye kioo chembamba mshororo hukatika popote, pengine kwenye mizani ya sita, kina cha kati kikazama na macho yasijue ubeti umepangwaje. Mhariri wa mashairi akiona hivyo hukimbilia PDF, na simlaumu. Lakini dawa imo ndani ya muundo uliopo: faili ya mitindo inaweza kuagizwa utao ushuke mstari wake wenyewe kioo kinapokuwa chembamba. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kuiandika amri hiyo. Vivyo hivyo kwa tenzi za kale za Lamu na Pate zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. EPUB 3, iliyotoka 2011, ilipokea maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto, na ya Kijapani yanayoshuka wima, pamoja na sauti na video. Pia ilichukua kazi ya miaka mingi ya DAISY, jumuiya inayoweka viwango vya vitabu kwa ajili ya wasioona. Msomaji asiyeona hupata faida kubwa hapa, maana PDF iliyotokana na picha za kurasa ni ukuta mtupu kwa programu ya kusoma kwa sauti.

Waliojaribu kwenda mbele zaidi waliumia. Apple ilileta 2012 programu ya kutengenezea vitabu vyenye madoido, na faili zake za pekee, ikaiacha 2020. Wasimamizi wa EPUB wenyewe walitoa toleo la 3.1 mwaka 2017, soko likalipuuza, na 2019 wakatoa 3.2 iliyorudi kupatana na matoleo ya zamani. Mwaka huo huo wa 2017 IDPF iliungana na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Mpango mkubwa wa kuunda aina mpya ya kitabu cha wavuti ulipungua hadi kufikia 2020 ukazaa kiwango cha vitabu vya kusikiliza. Hata Amazon imelegea: tangu 2022 huduma yake ya kutuma nyaraka kwenye Kindle inapokea EPUB, ingawa huigeuza kuwa faili yake yenyewe.

Muundo mmoja, basi, karibu tunao. Lakini makufuli yamebaki: kitabu kilichofungwa ulichonunua Apple bado hakifunguki kwenye kifaa cha kusomea cha Kobo, ingawa vitabu vya maduka yote mawili ni EPUB. Microsoft nayo ilipofungua duka jipya la vitabu 2017 iliuza EPUB. Miaka miwili baadaye ikalifunga, na Julai 2019 vitabu vikatoweka kwa walionunua. Walirudishiwa fedha, na walioandika maelezo pembezoni waliongezewa dola 25. Muundo ulikuwa sahihi kabisa, haukuwasaidia kitu.

Wachapishaji husema bila kufuli watafilisika. Hofu hiyo si ya kupuuza mahali ambapo PDF moja humaliza soko la kitabu kwa wiki. Ila jaribio limeshafanyika. Mwaka 2012 J. K. Rowling alianza kuuza Harry Potter kupitia Pottermore kwa EPUB isiyofungwa, yenye alama ya siri inayomtambulisha mnunuzi, na Amazon ikalazimika kuwaelekeza wateja wake huko. Mwaka huo huo Tor, wachapishaji wa riwaya za kisayansi, waliondoa makufuli kwenye vitabu vyao vyote vya kidijitali. Mwaka mmoja baadaye tawi lao la Uingereza lilitoa taarifa: halikuona ongezeko lolote la maana la wizi.