Elimu ya Afya ya Uzazi kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Wenye Ulemavu

Elimu ya afya ya uzazi ni haki ya kila mwanafunzi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 23 ya Mkataba huo inatambua haki ya kupata elimu ya uzazi na uzazi wa mpango.

Wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Shule ya Msingi Kabanga hupokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Kijana aliyeanzia huko, au katika wilaya ya Kibondo, akijiunga na chuo kikuu Dodoma au Dar es Salaam huwa mbali na familia. Bango la ukutani halimfikii asiyeona. Semina isiyo na mkalimani wa Lugha ya Alama haimfikii kiziwi. Anayelazimika kwenda kliniki na rafiki wa kumtafsiria hukosa faragha, na huenda akanyamaza.

Ukimya huo una gharama. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Asiyelifahamu hilo mapema anaweza kuchelewa.

Hivyo, elimu hiyo inapaswa kutolewa kwa nukta nundu, maandishi makubwa, sauti na Lugha ya Alama tangu mwanafunzi anapopokelewa chuoni. Na mkalimani awe na wajibu wa kutunza siri kama mhudumu wa afya.