Mvua ya Florence na wale waliopigiwa simu



Ukitaja Florence, mji ule wa Italia, wengi wetu tunakumbuka Michelangelo na sanamu yake ya Daudi. Mimi wiki hii kilichonishika ni mvua.

Mwanzoni mwa Novemba 1966 mvua ilinyesha Toscana bila kupumzika. Tarehe 3 ilishinda ikinyesha, usiku ikaendelea. Kwa wakazi ilikuwa kero tu: viatu vimelowa, nguo hazikauki. Tena tarehe 4 ilikuwa sikukuu ya majeshi. Maduka yangefungwa, kwa hiyo watu walilala wakijua kesho hakuna kudamka. Kwenye vyumba vya chini ya nyumba, matangi ya mafuta ya kupasha joto yalikuwa yameshajazwa kujiandaa na baridi. Yakumbukeni hayo mafuta.

Usiku huohuo mto Arno ukaanza kupanda. Juu ya Ponte Vecchio, daraja la kale lenye maduka ya masonara, walinzi wa usiku wakaona mambo si mazuri, wakawapigia simu wenye maduka. Masonara wakaja gizani, wakabeba dhahabu yao, wakaondoka.

Na wengine je? Walilala. Hakuna tangazo la jumla lililowaamsha wahame. Saa nyingi za umeme mjini zilisimama saa 1 na dakika 26 asubuhi, na mpaka leo tunajua kwa dakika ni lini mji ulizimika.

Mtaa wa Santa Croce ndio ulioumia zaidi. Uko chini, na miaka hiyo ulijaa mafundi na watu wa kipato kidogo wenye karakana zao chini na familia juu. Pale kwenye kona ya Via San Remigio kuna vibao viwili ukutani. Kimoja ni cha mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1333, kingine cha tarehe 4 Novemba 1966. Siku ileile, miaka 633 baadaye! Kile cha 1966 kiko juu zaidi, karibu mita 5 kutoka barabarani. Watu 35 walikufa mjini na vitongojini.

Sasa yale mafuta. Maji yalipasua matangi, mafuta yakaelea, yakapaka kila kitu: kuta, magodoro, vitabu, na msalaba maarufu wa Cimabue kanisani Santa Croce. Maji yalipopungua kesho yake, yaliacha matope meusi yanayonuka. Hapakuwa na umeme, wala maji ya kunywa, wala moto wa kujipasha. Mtu alishika koleo, akaanza kuchota kutoka sebuleni kwake.

Ndipo vijana wakaja, wengi wao wanafunzi, kutoka Italia nzima na nje yake. Walipanga mstari kwenye ngazi za Maktaba ya Taifa, wakapokezana vitabu vilivyoloa kutoka ghala la chini, mkono kwa mkono. Wataliano wakawaita malaika wa matope. Hawakuitwa na serikali, walijileta wenyewe.

Mchoro wa Vasari wa Karamu ya Mwisho ulikaa majini saa nyingi. Ulirudi kuonyeshwa tarehe 4 Novemba 2016, miaka 50 kamili, ukiwa umewekewa mtambo wa kuuinua juu maji yakija tena.

Safi sana. Lakini mimi kama mwandishi wa habari sitoki kwenye zile simu za usiku. Siwalaumu walinzi, walifanya kazi waliyolipwa kuifanya. Masonara nao walikuwa na haki ya kuokoa mali yao. Ninachouliza ni hiki: habari ilikuwapo mjini saa kadhaa kabla ya maji, ikapita kwenye waya za simu, ikamfikia mwenye dhahabu. Fundi wa Santa Croce ikamfikia ikiwa maji mlangoni.

Kazi yetu sisi tunaoandika ni kuifupisha ile njia.

Tafakarini. Nawasilisha.