Moodle: somo la chuo kikuu ndani ya simu, hata bila mega

Moodle ni programu ya bure ambamo mwalimu wa chuo kikuu anaweka silabusi, video na maswali ya kupima mahali pamoja. Ilitoka mwaka 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia. Huku Kongo, mfumo wa LMD ulioingia vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022 unahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anasoma peke yake. Fotokopi haitoshi tena.

Kikwazo ni mega. Lakini Moodle inaweza kukaa kwenye seva ndogo ndani ya chuo: wanafunzi wanaunganisha simu kwa Wi-Fi, wanapakua somo bila kulipa intaneti, wanaenda kulisoma nyumbani. Umeme ukikatika, betri ya sola inaibeba.

Mwenye kusahaulika ni mwalimu. Kurekodi somo moja kunaweza kumla siku nzima, na asistanti wengi wanatumia komputa yao wenyewe. Kumsaidia ni kumpunguzia saa za kufundisha na kumpa fundi wa kuita programu ikigoma. Tena kuna jambo la feza, lisemwe wazi: silabusi ya kuuza inaongezea walimu wengi mshahara. Kabla ya kumwomba aiweke mle bure, chuo kipatane naye atalipwa nini.