Katiba na Kitabu cha Fedha: Habari za Vyama vya Msaada katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Halmashauri imeniagiza niandike habari za vyama vya msaada vilivyotutangulia katika mitaa hii, kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utaamua kama tuongeze madhumuni mapya katika katiba yetu. Neno hilo si dogo, na walioliamua kabla yetu waliona faida yake na hasara yake.

Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mwafrika katika Nairobi alihesabiwa kuwa mtu wa kazi tu, wala si mwenyeji. Alivaa kipande shingoni. Alilala katika landi za reli Muthurwa, ama alipanga nafasi ya kitanda katika chumba cha watu wengi, na hofu yake kubwa ilikuwa kufa ugenini na kuzikwa na watu wasiomjua jina. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa vyama. Watu wa lokesheni moja, au wa ukoo mmoja, walikutana siku ya Jumapili wakachanga senti ili maiti apelekwe kwao, mgonjwa atazamwe, na kijana mgeni ahifadhiwe mpaka apate ajira. Katiba nyingi zilifuata baadaye, serikali ilipotaka vyama viandikishwe. Basi kazi ilikuwapo kabla ya maandishi, na mwanachama alikijua chama kwa yule mtu aliyebisha hodi mlangoni na daftari mkononi.

Hata hivyo kazi ya kila siku yaweza kupotoka. Katika miaka ya 1940 Luo Union, chama kilichojengwa juu ya umoja na kusaidiana, kilitumia nguvu nyingi kuwatafuta wanawake waliokuja mjini bila waume wala wazazi, ili warudishwe makwao, na viongozi wake wakataka serikali iwape uwezo wa sheria kwa jambo hilo. Wakati huohuo Pumwani walikuwako wanawake waliojenga nyumba kwa fedha zao wenyewe, nao ndio waliowapangisha vyumba wanaume wengi wa mji. Sina nia ya kuwahukumu wazee wa zama hizo, maana walikuwa na wasiwasi wa kweli juu ya mabinti zao. Lakini katiba ya msaada inayomtaka mwanachama achange ili dada yake akamatwe, mimi siijui.

Chama hichohicho kilitenda pia jambo jema lililo kubwa. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mmoja wa viongozi wa Luo Union, aliuawa. Jina lake liko hata leo katika mitaa ya Ofafa Maringo na Ofafa Jericho, kama vile jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, lilivyo katika mtaa wa Mbotela. Luo Union ikachangisha fedha, na kwa michango hiyo likajengwa jumba la ukumbusho wa Ofafa mjini Kisumu. Naona fedha zile zilitoka kwa sababu watu walikwisha kumzoea mchangishaji: walimwona msibani kabla ya kumwona na bakuli la ujenzi. Chama kisichofika matangani kingeomba bure.

Sasa tutazame mfano wa pili. GEMA, chama cha Wagikuyu, Waembu na Wameru, kilianzishwa mwaka 1971 kwa jina la ustawi na utamaduni. Mwaka 1973 kikawa na kampuni yake ya biashara, watu wakanunua hisa. Na mwaka 1976 baadhi ya wakuu wake walikuwa mbele katika kampeni ya kubadili katiba ya nchi, ili Makamu wa Rais asishike madaraka Rais akifariki. Hayo yote yaliitwa ustawi! Mwanachama aliyejiunga kwa ajili ya kuzikana alijikuta amo katika shindano la urithi wa Ikulu bila kuulizwa.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe, na Luo Union na GEMA vikaondoka pamoja, cha mazishi na cha siasa bila kutofautishwa. Lakini yako yaliyobaki. Abaluhya Football Club, iliyoundwa mwaka 1964, iliacha jina la kabila, nayo ingali ikicheza kwa jina la AFC Leopards. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, haikufa. Na kamati za mazishi zingali zikikutana Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, ingawa siku hizi mchango hutumwa kwa simu na daftari limekuwa orodha ya majina kwenye kioo. Hazikuwa na muhuri wa kunyang'anywa, na misiba haikungoja amri.

Madhumuni mapya yanayopendekezwa kwetu ni matatu: kununua kiwanja, kufungua duka, na kutoa maoni ya chama wakati wa uchaguzi. La kwanza naona laweza kuzungumzwa. La pili lina hatari. La tatu ningeomba wazee walikatae. Tena ningeomba kila mwanachama, kabla ya kuinua mkono, alinganishe kifungu cha pili cha katiba yetu na kurasa za matumizi ya mwaka huu, aone ni senti ngapi zilikwenda kwa wagonjwa na wajane, na ngapi kwa chai na nauli za wajumbe. Vitabu vyote viwili vitakuwa juu ya meza ya Katibu saa moja kabla ya mkutano kufunguliwa.