Watu wa Stesheni: Likasi Mwaka 1992

Vijana wanaopita mbele ya stesheni ya gari la moshi ya Likasi huona jengo na reli, basi. Wazee wao hukumbuka jambo jingine. Mwaka 1992 mahali pale palijaa maelfu ya watu, wakubwa kwa wadogo, waliofukuzwa katika nyumba zao katika mji huu huu. Wengi walioponea taabu ile wangali hai. Wengine wako Kasai, wengine wamerudi kwetu, na Jumapili tunapiga magoti nao katika Misa moja. Yafaa basi tuijue habari yao, maana haiwezekani kumpenda jirani ambaye hatutaki kusikia yaliyompata.

Kwanza tuulize: watu wa Kasai walifikaje Katanga? Kompani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, nayo ilihitaji mikono mingi kwa kazi ya shaba. Ikatafuta watu mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Ruanda-Urundi, na Kasai. Reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ilipokwisha mwaka 1928, njia ya Kasai ikawa nyepesi. Katika miaka ile kompani iliona pia kwamba heri mfanyakazi aje na mkewe, akae kambini miaka mingi. Hivyo watoto wakazaliwa hapa, wakabatizwa hapa, wakasoma katika shule za mapadri na masista. Mji ulioitwa Jadotville tangu 1931, na Likasi tena tangu 1966, ukawa mji wao. Miongoni mwa waliofukuzwa mwaka 1992, wengi hawakuwahi kuiona Kasai kwa macho yao.

Chuki nayo haikuanza siku moja. Wakati wa Katanga kujitenga, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Baluba wa Kasai walikusanyika katika kambi ya Umoja wa Mataifa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, wakiogopa kuuawa. Baadaye mambo yakatulia, watu wakaoana, wakafanya kazi bega kwa bega. Lakini katika miaka ya 1980 kazi yenyewe ikaanza kudhoofika. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 mwaka 1986. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1994 shaba yote ya kompani haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa, chakula kikapungua, na kila mtu akauliza: ni nani aliyetuletea njaa hii?

Swali hilo lilikuwa la haki. Wakatanga walikuwa na manung'uniko ya kweli, kwa kuwa utajiri wa nchi yao ulikwenda Kinshasa miaka mingi, na wao wakabaki na vumbi. Lakini jibu walilopewa halikuwa la haki. Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi mwezi wa Aprili 1990, vyama vikaanza kutafuta watu. Chama cha UFERI cha Bwana Nguz Karl-i-Bond kilipata nguvu kubwa huku kwetu, na Bwana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mmoja wa wakuu wake, akawa gavana mwaka 1991. Katika mikutano watu wakaambiwa kwamba wenye kosa ni Wakasai, ndio wanaokalia kazi za wenyeji. Wakaitwa bilulu, yaani vidudu. Tulifikiri neno hili, wapendwa. Mtu hapigi jirani yake ghafula. Kwanza hufundishwa kwamba yule si mtu.

Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa uliokaa Kinshasa chini ya uongozi wa Mgr Laurent Monsengwo ulimchagua Bwana Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Bwana Nguz. Hapo moto uliokuwa chini ya majivu ukawaka. Vijana wa chama wakapita katika mitaa ya Likasi. Nyumba zikachomwa au kutwaliwa, mali ikaibwa, watu wakauawa. Walioponea wakachukua walichoweza kuchukua, sufuria, godoro, mtoto mgongoni, wakakimbilia stesheni. Wengine wakaingia katika shule.

Lakini treni zilikuwa chache mno. Watu wakangoja majuma, wengine miezi, wakilala chini. Mvua ikawakuta palepale. Kuhara na surua vikawaangusha watoto. Madaktari wa Médecins sans frontières wakaja kusaidia. Mwezi wa Machi 1993 balaa lile lile likafika Kolwezi. Kwa jumla watu waliofukuzwa katika mkoa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Treni ilipopatikana, safari nayo ilikuwa msalaba. Njia ni Tenke, Bukama, Kamina, Mwene-Ditu, hata Kananga. Watu walibanana katika mabehewa ya mizigo. Wako waliokufa njiani, wakazikwa kando ya reli. Na waliofika walijikuta wageni katika nchi waliyoambiwa kuwa ni yao: watoto wao walizoea Kiswahili kuliko Tshiluba, nyumba hawakuwa nayo, shamba hawakuwa nalo.

Ndugu wasomaji, tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Wimbi kubwa likavuka Bahari ya Hindi, likaua watu zaidi ya 200,000, likafika hata Somalia, likauharibu mji wa pwani wa Hafun. Dunia nzima iliwalilia watu wale, na ilikuwa haki. Lakini yule aliyepoteza nyumba kwa maji hana mtu wa kumwuliza. Maji hayakumchagua kwa jina lake wala kwa kabila lake; yalikuja, yakarudi baharini. Aliyepoteza nyumba yake Likasi anamjua jirani yake. Akirudi, humkuta sokoni. Pengine huona mlango wake mwenyewe, na mtu mwingine akitoka. Kwa sababu hiyo jeraha lake ni la namna nyingine, na dawa yake ni nyingine. Aliyenyang'anywa na bahari humtosha mkate, blanketi na paa jipya. Aliyenyang'anywa na watu anahitaji hayo yote, tena anahitaji watu wakiri kwamba alionewa.

Tukikutana na hao waliosalimika, tusidhani wanataka kisasi. Mara nyingi hawasemi kitu. Huogopa kuambiwa kwamba wanachokoza mambo ya zamani. Ukiketi nao kwa subira, ndipo husimulia, na katika masimulizi yao hakuna wabaya tu. Husikika pia habari za majirani wa Katanga waliowaficha watu chumbani, waliowapelekea chakula stesheni gizani, waliokataa kununua kwa bei ya bure nyumba ya mwenzao. Zilikuwako pia ndoa za makabila mawili. Katika nyumba hizo mume aliambiwa aende na mke aliambiwa abaki, na watoto hawakujua wao ni wa upande gani. Wako walioshikana mikono wakapanda treni pamoja. Hao wote, waliopanda na waliowaficha wenzao, ni mali ya historia yetu, nao wastahili kutajwa mbele ya watoto kama tunavyomtaja yule Msamaria mwema.

Basi tufanye nini? Tusiitwike mizigo ya mwaka 1992 juu ya kabila zima, maana tukifanya hivyo tunarudia dhambi ile ile kwa kugeuza majina. Aliyetenda ajibu kwa aliyotenda. Lakini habari yenyewe tusiifiche. Katika jumuiya zetu ndogo za Kikristu, wazee wa pande zote mbili waalikwe wasimulie wakiwa bado na nguvu, na vijana wasikilize bila kuwakatiza. Katika Misa za marehemu tuwaombee waliolala kando ya reli bila msalaba wala jina.

Na tuchunge ulimi. Hata leo, hasa majira ya uchaguzi, maneno ya namna ile husikika tena, safari hii hata katika simu. Mkristu akisikia jirani yake akiitwa mdudu, asicheke ili kupendeza watu. Aseme palepale: huyu ni mtu, ni ndugu yangu. Mwaka 1992 neno lilitangulia, treni zikafuata.