KAMARI YA MKONONI: SERIKALI ILIPIMA NINI?

Kabla hujamlaumu yule kijana anayekaa barazani baada ya tarawehe akibonyeza simu kubahatisha matokeo ya mpira, hebu tuitazame historia ya jambo hili hapa Kenya.

Sheria yetu ya kamari ilitungwa mwaka wa 1966. Siku hizo kamari ilikuwa na mahali pake: kasino, mbio za farasi, tikiti za bahati nasibu. Mtu alibidi atoke kwao aifuate. Bodi ikatoa leseni, basi. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, na SportPesa ikafuata mwaka wa 2014, kamari ikahamia mfukoni. Mtu anacheza akiwa kitandani, pesa zinatoka papo hapo, na hakuna wa kumuonea haya.

Usidhani serikali ilikuwa imelala. Kampuni hizo zilileta kodi, ajira na udhamini wa Gor Mahia na AFC Leopards, kwa hivyo kuzigusa ilikuwa kazi. Mwaka wa 2017 Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alitaka kodi ya asilimia 50 ya mapato yao. Baada ya mvutano ikawa asilimia 35, kuanzia Januari 2018. Unajua SportPesa ilijibu vipi? Iliondoa udhamini wake wa michezo nchini. Vilabu vikalia, na sheria ya fedha ya 2018 ikaishusha kodi hadi asilimia 15. Hapo mwenyewe utaona ni nani aliyeshika usukani!

Julai 2019 serikali ikakaza tena, kampuni 27 zikanyimwa leseni. Septemba SportPesa ikasimamisha biashara, na wafanyakazi wakapoteza kazi. Mwaka huohuo ukawekwa ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau. Mwaka wa 2020 ukafutwa, na kampuni ikarudi. Mwaka wa 2021 ushuru ukarudishwa, safari hii asilimia 7.5. Huku ni kwenda na kurudi kama mawimbi.

Kwa maoni yangu tatizo lilikuwa hapo kwenye kodi. Watu wakipoteza zaidi, Hazina inapata zaidi. Sasa mshirika wa biashara ataiombea vipi ipungue? Surat al-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba kamari ina manufaa. Iliyapima na dhambi yake, na dhambi ikawa kubwa zaidi. Sisi tulipima upande mmoja tu wa mizani.

Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya badala ya ile ya 1966. Dau la mtandaoni sasa lisipungue shilingi 20. Nia yaeleweka, maana dau la shilingi moja humvuta hata mtoto. Lakini aliyekwisha kunasa, akicheza mara 30 kwa siku, hizo ni shilingi 600, yaani unga, mafuta na sukari ya futari.

Basi mbunge wako akija kufuturisha mtaani, muulize: katika ushuru wa kamari, ni shilingi ngapi zinazokwenda kumtibu aliyenasa?