Watoto 18 wa Maskati na Ijumaa ya Hamriya

Hamriya iko upande wa kusini wa bonde la Ruwi, pale ambapo majengo ya benki yanapungua na nafasi yake kuchukuliwa na majumba ya vyumba vya kupanga, maduka ya nguo za bei nafuu, vinyozi na mikahawa ya chai ya maziwa. Ni mtaa wa watu wa kazi. Katika eneo hili la Maskati Kiswahili kina wenyewe: Waomani waliotoka Unguja, Pemba na mwambao wa Kenya baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, walirudi na lugha yao na hawakuiacha. Hao ni Waislamu. Baadaye kimekuja Kiswahili kingine, cha wafanyakazi wa mikataba kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, na miongoni mwao wamo Wakristo ambao siku ya Ijumaa hushika njia ya makanisa ya Ruwi. Wengi huwatazama hawa kama wageni wa juzi, na imani yao kama mzigo uliokuja na viza na utakaoondoka na viza. Mimi naona sivyo. Ushirika wa Kikristo wa Waafrika katika Maskati una mizizi ya zaidi ya miaka 125, na historia yake inathibitisha jambo moja ambalo sheria peke yake haijaweza kulisema: kumfungua mtu ni kazi ya siku moja, lakini uhuru wake huanza pale anapopata watu wa kumpokea.

Ukristo wenyewe ni wa kale zaidi katika nchi hii. Maaskofu wa Beth Mazunaye, jina la Oman katika kumbukumbu za Kanisa la Mashariki, wametajwa katika sinodi ya mwaka 424 na wanaendelea kutajwa hadi 676. Wareno nao waliingia Maskati mwaka 1507 na kufukuzwa na Imamu Sultan bin Saif mwaka 1650. Lakini dini ya gavana mwenye mizinga ni habari nyingine, na sitaihesabu kuwa chanzo cha ushirika ninaouzungumzia. Chanzo chake ni kidogo na cha unyonge. Mwezi Februari 1891 alishuka bandarini Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa Lahore, mzee wa miaka 66 asiye na kanisa wala wasaidizi. Mwezi Mei alikuwa amekwisha kufa, akazikwa kwenye ghuba ndogo katikati ya majabali nje ya mji. Miaka miwili baadaye Mmarekani kijana, Peter Zwemer, alifungua kituo cha Misheni ya Arabuni mjini humo. Na mwaka 1896 balozi wa Uingereza alimkabidhi wavulana 18 wa Kiafrika waliotolewa katika majahazi ya watumwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuuliza watoto hao walifikaje. Mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ulikuwa umetiwa saini na Sultani Turki bin Said huko Maskati mwezi Aprili 1873, na Barghash wa Zanzibar akafuata mwezi Juni mwaka huohuo, soko la Mkunazini likafungwa. Karatasi zilikuwa safi. Hata hivyo, miaka 23 baadaye majahazi yalikuwa bado yakipanda na upepo wa kusi kutoka Afrika Mashariki kuelekea Suri na pwani ya Batina, mengine yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisithubutu kuyapekua. Sababu haikuwa ukaidi wa manahodha tu. Lulu za Ghuba zilikuwa zikitafutwa duniani kote, na tende za Oman, hasa zile za fardhi, zilikuwa zimepata soko kubwa Marekani. Mitende inahitaji mikono ya kuipandishia maji, kuipandikiza na kuivuna. Kwa hiyo nchi ileile iliyokuwa ikila tende za jasho la watumwa ndiyo iliyomtuma kijana wake kuwalea watoto walionusurika. Silisemi hili ili kumpunguzia Zwemer heshima. Nalisema kwa sababu bila kulijua tutaisimulia habari hii kana kwamba wema wote ulitoka upande mmoja wa bahari na uovu wote upande wa pili.

Sasa, uhuru wa watoto wale ulikuwa kitu gani? Kwa sheria, ulikuwa tendo la manowari na hati ya ubalozi. Lakini katika jamii ya Waswahili neno lililokuwa kinyume cha mtumwa halikuwa huru tu. Lilikuwa muungwana, yaani mtu mwenye kwao, mwenye ukoo unaojulikana, mwenye mji unaomtambua. Mtumwa alikuwa kwanza mtu aliyekatwa na jamaa zake, kisha ndipo akawa mali. Fiqhi ya Kiislamu nayo ililiona jambo hili: mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake hubaki na uhusiano wa walaa na nyumba ile, ili asielee hewani bila wa kumsimamia. Mtoto aliyetwaliwa baharini na mabaharia wa Kiingereza hakuwa na walaa kwa yeyote. Hakuwa na mama wa kumrudia, kwa kuwa njia ya kurudi ilipita mikononi mwa walewale waliomuuza. Wengi wa namna yake walipelekwa Bombay, Aden au Shelisheli, wakagawanywa kwa kazi za nyumbani na mashambani. Wale 18 walipewa nyumba moja, meza moja na sala moja. Kwa mtu aliyepoteza jamaa zake hilo si jambo dogo. Ni kupewa ndugu.

Mpinzani mwenye haki atasema: walipewa pia dini ambayo hawakuichagua. Ni kweli, na siwezi kulifunika. Mtoto asiye na pa kwenda hawezi kusemwa kuwa amechagua. Tena vituo vya misheni havikuwa pepo. Huko Freretown, Mombasa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya mahuru, ilibidi ufanyike uchunguzi mwaka 1881 juu ya msimamizi wa Kizungu aliyekuwa akiwatandika viboko watu walioambiwa kwamba utumwa wao umekwisha. Lakini mpinzani huyo anadhani historia inaishia mikononi mwa mlezi, na haikuishia hapo. Tazama walifanya nini wenyewe walipokua. Waliosomeshwa karibu na Nasik nchini India, walioitwa Waafrika wa Bombay, walirudi pwani yetu na kuwa waalimu, mafundi na wahubiri. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Kengele ya Freretown, iliyolipa jina eneo la Kengeleni, ilipigwa kuwatahadharisha watu wafanyabiashara wa watumwa na wateka watu walipokaribia. Watumwa waliotoroka mashamba walikimbilia Rabai, kituo kingine cha misheni karibu na Mombasa, kwa mamia, bila kualikwa na Mzungu yeyote, kwa sababu walisikia kwamba kule kuna watu kama wao. Imani iliyoanza kama chakula cha mlezi ikawa mali ya wale waliolishwa. Kuwanyima jambo hili, kusema kwamba walidanganywa tu, ni kuwanyang'anya akili mara ya pili.

Upande wa Maskati mambo yalikwenda kwa udogo zaidi. Peter Zwemer alidhoofika kwa homa, akafia New York mwezi Oktoba 1898, akiwa na umri wa miaka 30. Watoto walikua, wakatawanyika kwenye kazi, shule yao ikafungwa. Kilichobaki ni desturi ya mlango wazi. Tangu mwaka 1909 daktari Sharon Thoms alitibu watu Matrah hadi alipofariki mwaka 1913. Mwanawe, Wells Thoms, akaja kuendeleza kazi hiyohiyo mpaka mwaka 1970, na hospitali ya misheni ikajulikana kwa jina la Kiarabu, ar-Rahma. Waomani wachache mno walibatizwa. Wengi mno walipona. Ulipofika wakati wa kujenga nchi mpya, Sultani Qaboos alitoa ardhi Ruwi kwa ajili ya makanisa, na Kanisa Katoliki la Watakatifu Petro na Paulo likafunguliwa mwaka 1977. Waprotestanti nao wakakaa pamoja katika kanisa moja linaloendeshwa kwa ushirikiano wa Waanglikana na Wareformed wa Marekani, jambo ambalo katika miji mingi ya Afrika Mashariki bado linaonekana gumu.

Kuna watakaouliza kama huo ni uhuru, ibada inapowekwa ndani ya uzio. Sheria ya Msingi ya Oman ya mwaka 1996 ililinda haki ya kutekeleza ibada kwa mujibu wa desturi zinazotambulika, lakini kuhubiri kwa nia ya kumtoa Mwislamu katika dini yake ni kosa, na ibada ya pamoja haina ruhusa majumbani. Mahali pake ni katika viwanja vilivyotengwa. Jibu langu ni kwamba uzio ni wa kweli na unabana, ila kwa msichana wa kazi mzigo mkubwa zaidi hauko kanisani. Mwezi Novemba 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyozuiliwa, saa za kazi zisizo na mwisho. Tangu 2021 mfanyakazi mgeni nchini Oman aliyemaliza mkataba hahitaji tena barua ya ruhusa ya kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, ili ahamie kwa mwajiri mwingine, na hayo ni maendeleo. Lakini sheria ya kazi ya 2023 imewaacha nje wafanyakazi wa ndani. Kwa mwanamke aliyefungiwa mlango, tatizo la kwanza si kwamba kanisa lina uzio. Ni kwamba hapewi Ijumaa ya kulifikia. Anayeifikia hukuta watu wanaomwita dada, wanaojua jina lake lote, watakaogundua wiki ijayo kwamba hakuja na kuulizia kwa nini. Kwa mtu aliye mbali na ukoo, kukosekana kwake kukiulizwa ni ulinzi ambao hakuna ofisi inayoutoa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba shukrani inayosikika katika ibada za wahamiaji ni unyonge uliovalishwa nguo nzuri. Wanasema mnyonge akifundishwa kushukuru hatadai. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama shukrani hiyo ingeelekezwa kwa kafili. Haielekezwi huko. Anayetoa ushuhuda kwamba Mungu amemvusha mwezi anasema kwa wakati uleule kwamba aliyemvusha si mwajiri, na kwamba uhai wake una mwenyewe mwingine aliye juu ya mkataba. Watu wa Rabai na Freretown walimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na walewale ndio waliowaficha watoro na kukataa kuwarudisha kwa mabwana. Shukrani ya namna hiyo humwelekea pia mwenyeji. Mkristo wa Mombasa anayesalimiwa kwa Kiswahili safi na muuza duka Mwislamu aliyezaliwa Pemba, katika nchi ambayo mtawala wake Mwislamu ndiye aliyetoa kiwanja cha kanisa, ana deni la heshima, na wengi wanalilipa kwa kuishi vizuri na jirani.

Ijumaa, katika viwanja vya Ruwi, ukumbi mmoja hupokezwa kutoka lugha hadi lugha: Kimalayalamu, Kitamil, Kiurdu, Kitagalog, Kiarabu, Kiingereza. Kila kundi lina saa zake, likimaliza hupanga viti na kuwapisha wanaosubiri nje kivulini, halafu watu wa Hamriya hurudi kwa miguu au kwa teksi ya kuchangia, kwa sababu Jumamosi asubuhi wengi wao wana zamu.